Sisi ni wageni wakaazi

Wiki hii tuliahidi kuandika juu ya sabuni ya maji, jinsi ya kuitengeneza na faida yake. Mtusamehe, sabuni itangoja. Tumebishana siku nne juu ya jambo lingine, na hatuwezi kuandika la pili kabla hili halijatoka tumboni.

Iko hivi. Dada mmoja mgeni, aliyekuja kujitolea hapa miezi mitatu, alimaliza muda wake. Jioni ya mwisho tulimpeleka ziwani, pale mitumbwi inapovutwa nchi kavu. Tulikuwa na soda mbili za kugawana watu kumi, na karanga za kutosha. Jua lilikuwa linashuka na maji yamepata rangi ya chai kavu. Wavuvi wawili walikuwa wanakunja nyavu bila kuongea. Yule dada akapiga picha nyingi sana, halafu akauliza kwa Kiswahili chake cha miezi mitatu: "Kwa nini hakuna mtu anaandika kuhusu hapa? Kwetu kila mji wa pwani una karatasi yake ya kuita wageni."

Anatoka pwani ya Mediterania, upande wa Uhispania, mji mdogo usio mbali na Barcelona. Alitueleza karatasi hizo zinavyokuwa. Jua la kiangazi linalowaka wiki baada ya wiki bila mvua. Bahari ambayo haijai wala haipwi sana, si kama ya Mombasa, kwa hiyo mtu anatandika kitambaa chake karibu na maji asubuhi na jioni bado anakikuta kikavu. Mizeituni, samaki wa kuchoma, soko la zamani, kanisa la mawe, njia ya kutembea kando ya maji. Upande mmoja wa karatasi wanaandika mambo ya mgeni wa siku saba. Upande wa pili ni mambo ya mkaazi: hospitali iko wapi, treni inapita saa ngapi, maktaba inafunguliwa lini. Maana huko kuna watu wengi wanaokuja kutembea halafu wanabaki. Wazee wa Uingereza na Ujerumani wakipata pensheni wanahamia pwani ile kuzeekea juani.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama wazee hao wanapewa rasheni. Tulicheka mpaka karanga zikamwagika.

Lakini dada hakuchora peponi tu. Alisema wenyeji wa kwao wamechoka. Nyumba zinapangishwa kwa wageni wa wiki moja kwa bei kubwa, na kijana aliyezaliwa mtaani hapati chumba. Julai 2024 watu wa Barcelona waliandamana, na baadhi yao wakawarushia maji watalii waliokuwa wamekaa mezani, kwa bastola za plastiki za watoto. Hiyo hatukuamini mpaka alipotuonyesha video. Mtu amekaa anakula, hana hatia, anamwagiwa maji kwa sababu amekuja na pesa! Sisi tunaogopa wenyeji watatuchoka kwa sababu tumekuja bila pesa. Kumbe hata ukija nazo.

Basi akatuomba tuandike ukurasa mmoja: vivutio vya Nakivale na Mbarara, kwa mgeni na kwa mkaazi. Yeye angeutafsiri. Tukakubali papo hapo. Mtu anayeondoka kesho, utamkatalia nini?

Kesho yake tukakaa kuandika, na ugomvi ukaanza kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Katibu wetu aliandika: "Nakivale ni mahali pazuri." Mwenzake akachukua kalamu akafuta. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Mnajua nani anasoma ukurasa wetu? Mnataka tuonekane tumeshiba?"

Tukanyamaza, kwa sababu sote tulijua anasema nini. Kwa wasomaji walio mbali tueleze kidogo. Tangu 2023 msaada wa chakula hapa Uganda hutolewa kwa makundi matatu, kufuatana na hali ya familia. Kundi la kwanza ni wale wenye shida zaidi, kundi la pili ni wa katikati, na kundi la tatu ni wanaohesabiwa kwamba wanaweza kujitegemea. Wa kundi la tatu hawapati kitu. Kati yetu sisi kumi na wawili tunaoandika hapa, tuko makundi yote matatu, na tukitazamana usoni hatuoni tofauti. Ndiyo maana neno "pazuri" lilituogopesha. Ukisema pazuri, mtu atasema basi wanaweza.

Nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, tusiwafiche: tunawaogopa kidogo. Si nyinyi kama watu, maana wengine mmekula ugali kwetu. Tunaogopa kile mnachoandika mkisharudi ndani ya gari. Toka utotoni tumefundishwa kwamba mgeni akija na kalamu unamwonyesha paa linalovuja. Bustani ya nyuma ya nyumba humwonyeshi. Mama mmoja wa jirani alikuwa na maua mekundu mazuri mlangoni, akasikia kuna watu wa kuhesabu familia wanakuja, akayang'oa usiku. Tulimuona. Asubuhi hakuna aliyemuuliza.

Basi tulikwama. Katibu akasema: kama hatujui kivutio ni nini, twende tukaone wenzetu wanavyofanya. Tukafungua sanduku la kikundi tukachukua pesa ya sabuni. (Sasa mmejua kwa nini makala ya sabuni imechelewa.) Tukaenda Mbarara watu saba, taksi ya alfajiri, vumbi mpaka kwenye nyusi, halafu lami.

Mbarara tunaipenda, tuseme ukweli. Imekuwa jiji rasmi mwaka 2020 na inajivuna kama kijana aliyenunua viatu vipya. Kuna sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu, na kila mtu anapiga picha hapo. Kuna maziwa kila kona, mabichi na ya mgando, na kuna bushera ambayo ukinywa vikombe viwili huhitaji chakula cha mchana. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutembea ndani ya Uganda, na pale mjini, katikati ya watu wengi, hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi. Kuna raha yake kupita barabarani bila kuwa mkimbizi kwa saa sita. Unaangalia bei ya suruali na hununui. Unaingia duka la simu, unashika simu, unairudisha.

Pia tulisimama darajani tukautazama mto Rwizi. Wengi hawajui kwamba maji yale ni ndugu wa maji yetu. Rwizi unapita Mbarara, unateremka mpaka kwenye maziwa haya ya huku chini, Mburo, Nakivale, Kachera. Chupa ya plastiki iliyotupwa mjini Jumatatu sijui inafika kwetu siku gani, lakini inafika. Na udongo wa vilima unakuja pamoja nayo.

Tukaenda Biharwe, njia ya Kampala, kwenye jumba la makumbusho la Igongo. Hapo kweli wenzetu wanajua kuita wageni. Wameweka vyombo vya maziwa vya mti, nyumba ya nyasi ya zamani, na jinsi Wanyankole walivyoishi na ng'ombe wao. Huko Biharwe kuna pia mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Inasimuliwa kwamba jeshi la mfalme wa Bunyoro lilikuwa linarudi kutoka vitani na ng'ombe wengi wa kuteka. Walipofika hapo mchana ukawa usiku. Wakaogopa, wakakimbia, wakaacha ng'ombe wote. Watu wa Ankole walipoamka na mwanga waliona ng'ombe wasio na mwenyewe, kama wameanguka kutoka mbinguni.

Sisi wengine tulifurahia hadithi. Mwenzetu mmoja, aliyezaliwa nyanda za juu za Kivu ya Kusini kwenye familia ya wafugaji, hakucheka. Tulipotoka nje akasema: "Sisi pia tuliacha ng'ombe. Nashangaa huko wanasimulia hadithi gani juu yao." Hatukuwa na jibu. Tulimnunulia mgando.

Zilibaki shilingi kidogo. Tukamwomba dereva atusogeze mpaka Sanga, tuone kama kweli mbuga ya Ziwa Mburo iko karibu hivyo. Iko karibu. Hata hatukuingia ndani na tuliona pundamilia, wamechanganyika na ng'ombe wa watu kwenye shamba la malisho, wanakula majani yale yale. Mmoja wetu akasema pundamilia hana kitambulisho na bado anatoka na kurudi. Twiga hatukuwaona, hao waliletwa mbugani mwaka 2015 kutoka Murchison Falls, kwa lori. Kwa hiyo na wao ni wa kuhamishwa, na wamepokelewa vizuri.

Tulipokuwa tumekaa chini ya mti tukatafuta kwenye simu bei ya kuingia. Hapo ndipo tulipopata kichwa cha makala hii. Bei ya mbuga za Uganda ina ngazi. Kuna mgeni asiye mkaazi, kuna mgeni mkaazi, na kuna mwananchi wa Afrika Mashariki. Wageni wanalipa kwa dola, mwananchi analipa kwa shilingi, na tofauti ni kubwa sana.

Basi tukaanza kujipanga wenyewe kwenye ngazi. Warundi na Wanyarwanda wakasema sisi tuko ndani ya Jumuiya toka 2007, shilingi. Wa Sudan Kusini, 2016, shilingi. Wakongomani wakasimama kabisa: sisi tuliingia 2022, shilingi! Msomali akasema 2024, taratibu jamani, na mimi nimo. Akabaki Mhabeshi wetu peke yake. Ethiopia haimo. Akafikiri, akasema: "Mimi niko Nakivale miaka kumi na moja. Niandikeni mgeni mkaazi. Nalipenda hilo jina, linanieleza kuliko lile la kwenye karatasi yangu."

Halafu mtu akauliza swali la kuharibu sherehe: mwananchi anajionyesha kwa nini? Kwa pasipoti au kitambulisho cha taifa lake. Pasipoti zetu ziko wapi? Moja iliungua na nyumba huko Fizi. Moja ilibaki mikononi mwa mtu wa mpakani. Wengine hawajawahi kuwa nayo, walivuka wakiwa mgongoni mwa mama. Tulikuwa mita chache kutoka kwa pundamilia, wananchi wa nchi tano za Jumuiya, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na cha kuonyesha. Getini hatukwenda kuuliza, maana pesa ya kurudi ndiyo ilikuwa imebaki. Labda wangetupokea vizuri. Lakini njia nzima ya kurudi tulikuwa tunaitana hivyo: wewe mgeni mkaazi, sogea kidogo.

Sasa tufike mahali ambapo hatukutaka kufika.

Kuna mwenzetu aliyekuwa nasi toka kikundi kilipoanza. Jina lake hatuliandiki. Mwaka juzi mwezi wa pili aliondoka kwenda kaskazini. Hakutuaga, alimwaga mama yake tu, na hata yeye alimwambia anaenda Kampala. Tulikuja kujua akiwa tayari Libya. Sauti yake ya mwisho kwenye WhatsApp ni ya dakika moja na sekunde nane. Anasema wako wengi ndani ya nyumba, anasema msiwe na wasiwasi, halafu kuna mtu anapiga kelele nyuma na inakatika. Toka hapo kila tunachomtumia kinabaki na tiki moja. Lakini picha yake ya wasifu ipo mpaka leo. Si uso wake. Ni ufuo: mchanga mweupe, maji ya buluu na kijani yanayoonyesha mpaka chini, kisiwa kidogo mbele. Miaka yote hiyo tulidhani ni picha ya kwenye intaneti tu, ya kokote.

Siku ya pili ya ubishi wetu tulimtumia yule dada wa Uhispania picha ile. Hatukumwambia kwa nini, tuliuliza tu kama anapajua. Alijibu haraka: ni Lampedusa, kisiwa cha Italia, na ufuo huo unaitwa Spiaggia dei Conigli, yaani Ufuo wa Sungura. Watu wengi wanaota kwenda huko. Mwaka 2013 wasafiri wa TripAdvisor waliuchagua kuwa ufuo mzuri kuliko yote duniani. Halafu tukaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Ujumbe wa pili ulikuwa mfupi. Mwaka ule ule, tarehe 3 Oktoba 2013, boti iliyotoka Libya ilishika moto ikazama karibu sana na ufuo huo. Walikufa watu zaidi ya 360.

Mwenzetu wa Eritrea alikuwa amekaa pembeni. Alitaja tarehe kabla hatujamaliza kusoma. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wa kwao, na nyumbani kwao tarehe hiyo hakuna anayehitaji kuikumbushwa. Italia nayo imeifanya kuwa siku ya kitaifa ya kumbukumbu.

Lampedusa iko karibu na Tunisia kuliko Sicily. Tumeangalia ramani mara nyingi sasa. Kwenye ramani yenyewe ni nukta. Mtu anakwenda hapo kwa ndege, na miwani ya jua, anaitwa mgeni. Mwingine anakwenda hapo hapo, kwenye maji hayo hayo, na anaitwa majina mengine. Na kijana wetu aliweka picha ile kwa sababu gani? Hatujui kama alijua ni wapi. Tunachojua ni kwamba alikuwa akikaa hapa ziwani jioni, kwenye jiwe lake, akiangalia picha ya maji mengine kwenye simu, na haya ya mbele yake hakuyatazama.

Mama yake anauza ngege wa kukaanga pale mitumbwi inapofikia. Ni mama wa Uvira. Ukimnunulia lazima akukumbushe kwamba samaki wa Nakivale hawana ladha ya ndagala wa Tanganyika, halafu anakuongezea kipande. Siku ya tatu alituona tumekaa na karatasi yetu tumenuna, akauliza kuna nini. Tulisita kumwambia. Mwishowe tukamwambia: Mama, tumeombwa kuandika kwamba hapa ni pazuri, na tunaogopa.

Alikuwa anageuza samaki. Hakuacha kugeuza. Akasema: "Muandike, wanangu. Mukikosa kuandika, watoto watawaza uzuri uko kule tu."

Yule aliyefuta sentensi akamuuliza, kwa heshima, "Mama, na wakitukata chakula?"

"Walishanikata," akasema. "Na ziwa lilikuwa zuri mbele ya kunikata, na leo bado ni zuri. Mimi sitawasaidia kwa kusema ni baya."

Hapa tusidanganye: hajatumaliza ubishi. Wawili kati yetu bado wanasema ukurasa huu ni hatari na majina yao yasiwekwe. Tumekubali, na ndiyo maana leo hakuna jina la mtu yeyote. Mmoja wao alisema jambo ambalo tunaona lazima liandikwe: mama anaweza kusema vile kwa sababu ana samaki, lakini jirani yake mwenye watoto sita hana samaki, na uzuri haupikwi. Ni kweli. Kwa hiyo nyinyi wa kalamu na gari, tunawaomba muandike yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Ziwa ni zuri na rasheni haitoshi. Sentensi ya kwanza isitumiwe kufuta ya pili.

Sasa ukurasa wenyewe, kama dada alivyoomba.

Nakivale ni makazi ya zamani kuliko uhuru wa Uganda. Wakimbizi wa kwanza, Wanyarwanda, walifika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati nchi hii ilipata bendera yake 1962. Sasa tuko zaidi ya laki moja na nusu, kwenye kilomita za mraba 185 za wilaya ya Isingiro. Wageni wanaofikiri watakuta mahema wanashangaa. Kuna nyumba za udongo zenye madirisha ya rangi, kuna redio, kuna fundi wa kila kitu.

Njoo kwa ajili ya chakula. Ndani ya Base Camp unaweza kuanza asubuhi na chai ya maziwa ya Kisomali na sambusa, mchana ukala ugali na sombe kwa Wakongomani, na jioni injera, na hujapanda hata boda. Lugha utasikia nyingi mpaka zichanganyike kichwani, lakini Kiswahili kitakuvusha. Hata Msomali na Mrundi wakigombana sokoni wanagombana kwa Kiswahili, maana ukitukana kwa lugha isiyoeleweka umepoteza nguvu bure.

Jumapili, njoo kwa ajili ya kwaya. Hatutaji ni ya kanisa gani, tutaanzisha vita.

Lakini zaidi njoo kwa ajili ya ziwa. Asubuhi, kabla upepo haujaanza, maji yamelala kabisa na ukungu umekaa juu ya mafunjo. Wavuvi wanarudi na ngege, kambale na kamongo, yule samaki mrefu anayevuta hewa kama mtu. Furukombe, tai mwenye kichwa cheupe, anapiga kelele juu. Korongo taji, ndege wa bendera ya Uganda, wanatembea kwenye majani mafupi kama wazee waliovaa suti. Ardhioevu hii yote, Mburo mpaka Nakivale, iliwekwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu za dunia. Sisi tulikuwa tunaoga humo bila kujua tunaoga kwenye orodha.

Kwa mkaazi mambo ni mengine kidogo. Maji ya bomba tunayokunywa yanatoka ziwa hilo hilo, yakisafishwa. Mtumbwi unahitaji leseni, nyavu ndogo haziruhusiwi, na kijana mkimbizi mara nyingi anavua kwenye mtumbwi wa mwingine na analipwa kwa samaki. Mafunjo yanakatwa kutengeneza mikeka, na watu wanalima mpaka ukingoni ingawa sheria inakataza. Tuseme na letu: vilima vile vya juu vilikuwa na miti, na mkaa tumeuchoma sisi pamoja na wengine. Mvua kubwa ikinyesha unaona udongo mwekundu unateremka kuingia ziwani, na mzee mmoja Mnyarwanda anasema alipokuwa kijana maji yalifika pale penye nguzo ya umeme leo. Hatujapima. Lakini kila anapopita hapo anagusa ile nguzo. Sisi tumeanza kupanda miti kando ya uwanja wa mpira, arobaini na mitatu, mbuzi wamekula tisa.

Yule dada ametuma tafsiri tayari. Sentensi ya kwanza ni ile ile ya katibu, imerudishwa. Na tumemtumia mwenzetu ukurasa huu kwenye namba yake, kwa Kiswahili, pamoja na picha ya jiwe lake na maji nyuma. Tiki moja.

Ukitaka kuja, njoo Jumamosi. Taksi za Mbarara zinajaa mapema, kwa hiyo uwe stendi saa moja asubuhi, na funika kichwa kwa sababu ya vumbi. Ukifika Base Camp uliza njia ya kwenda kwa mama wa ngege, hata mtoto mdogo atakupeleka. Usimpige picha mtu kabla hujamuuliza. Ukila, lipa ile bei anayotaja, na ukiambiwa samaki wa Uvira ni watamu zaidi, kubali. Jua likizama kaa kidogo, lakini giza likianza panda juu kwenye nyumba. Viboko wanatoka kula majani usiku, na wanapita njia ile ile uliyoshukia. Tochi ya simu haiwatishi.